Uzi maalumu wa Fenghuang Dancong: chai inayonukia maua bila kutiwa ua hata moja

Birika la Shaba (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wanajamvi.

Humu ndani nyuzi za kahawa zimejaa tele, lakini chai ikitajwa mjadala unaishia kwenye pakiti ipi ina rangi kali. Nafungua uzi huu kwa ajili ya chai moja tu: Fenghuang Dancong, oolong (chai iliyo kati ya chai ya kijani na chai nyeusi) ya milima ya Fenghuang iliyo kaskazini ya mji wa Chaozhou, mkoa wa Guangdong, kusini mwa China. Wale mnaokwenda Guangzhou kufuata mzigo huenda mmeshainywa bila kuijua jina. Ukikaa kwenye duka la mtu wa Chaozhou au Shantou, kabla bei haijatajwa unawekewa kijikombe cha mafunda mawili matatu, na harufu inatangulia kikombe. Hiyo ndiyo.

Niseme msimamo wangu mapema, anayetaka kunipinga ajue pa kushika. Chai hii haiharibiwi na maji ya moto, inaharibiwa na kusubirishwa. Maelekezo mengi ya mtandaoni yanasema upoze maji hadi nyuzi 85 au 90. Mimi nasema maji yachemke kabisa na mkono uwe mwepesi. Lakini tuanzie shambani, maana huko ndiko ladha inakotoka.

Kilele kinachotajwa zaidi ni Wudong, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ni mahali pa ukungu na mawe. Zamani wakulima wa huko walipanda chai kwa mbegu, na mche wa mbegu haurithi tabia zote za mama yake, kwa hiyo kila mti ulitoka na harufu yake. Wakawa wanautafuta mti uliowazidi wenzake, wanauchuma peke yake, wanautengeneza peke yake, wanauuza peke yake. Utaratibu huo ndio uliozaa Dancong. Siku hizi mashamba mengi yamepandwa kwa vipandikizi na kwa kuunganisha vikonyo vya ile miti bora, hivyo pakiti ya bei ya kawaida ni ya aina moja ya mti, si ya mti mmoja. Muuzaji anayekuapia kwamba chai ya bei chee imetoka kwenye mti mmoja wenye umri wa karne, mwache apite.

Wenyeji wanazigawa harufu hizi katika makundi, na kumi ndiyo yanayotajwa sana. Mi Lan Xiang inapewa asali na okidi. Huang Zhi Xiang ni gadenia, Yu Lan Xiang ni magnolia, Xing Ren Xiang ni lozi, Rou Gui Xiang ni mdalasini, Jiang Hua Xiang ni ua la tangawizi. Naomba hili likae vichwani: humo ndani hamna lozi, hamna mdalasini, hamna ua. Ni jani la mchai peke yake. Chai ya asumini hutengenezwa kwa kulaza majani pamoja na maua mpaka yanyonye harufu. Dancong hailazwi na kitu.

Mimi nampendekezea kila mgeni aanze na Mi Lan Xiang, kwa sababu inajieleza yenyewe. Maji ya kwanza, yaani mmimino wa kwanza juu ya majani yale yale, yananukia asali. Maji ya pili na ya tatu ndipo tunda linapojitokeza, na aliyekulia Unguja atalikumbuka shokishoki lililoiva vizuri. Nyuma yake kuna uchungu mwembamba ambao haukai, unageuka utamu kooni dakika moja baada ya kumeza. Huo utamu wa kurudi ndio wanaoutafuta wajuzi, zaidi hata ya harufu. Chai yenye harufu bila utamu wa kurudi, kwangu mimi, haijakamilika.

Ipo pia Ya Shi Xiang, ambayo jina lake ni harufu ya mavi ya bata. Msiikimbie. Simulizi inayorudiwa sana ni kwamba mkulima aliyekuwa na mti huo aliogopa wenzake wasije kuiba vikonyo, akaupa jina la kuchukiza. Wengine wanalihusisha jina na rangi ya udongo wa pale. Mwaka 2014 ilipewa jina rasmi la Yin Hua Xiang, lakini wanywaji wameng'ang'ania lile la zamani, na siku hizi vijana wa miji ya China wanainywa kwa barafu na ndimu. Ni nyepesi, ina harufu ya maua meupe, na kwangu ndiyo Dancong rahisi kupendwa na mtu asiyependa chai.

Nitaendelea na utengenezaji. Nipeni muda nichape.

---

BintiKibokoni

Ahsante kaka kwa uzi. Swali kabla hujaendelea: hii inatiwa maziwa? Na tangawizi?

---

Birika la Shaba

Dada yangu, hapana kwa vyote viwili. Maziwa yanaifunika harufu yote na unabaki na kitu kisicho chai ya maziwa wala Dancong. Chai ya maziwa na iliki ina majani yake, tena mazuri, yanatoka Kericho na Mufindi. Kila jani lina kazi yake.

---

Birika la Shaba

Utengenezaji sasa. Hapa naomba mnivumilie, ndipo penye utamu wa habari nzima.

Mavuno makubwa ni ya masika, kuanzia mwishoni mwa Machi kwa mashamba ya chini hadi mwanzoni mwa Mei kule juu. Hawachumi asubuhi umande ukiwa majanini, wala siku ya mvua. Wanachuma mchana na alasiri, siku ya jua. Na tofauti na kwetu ambako mchumaji hufundishwa majani mawili na chipukizi, wao wanasubiri chipukizi limalize kufunguka, jani likomae kidogo. Jani changa sana halina nguvu ya kustahimili yatakayolipata usiku.

Jioni majani yanatandazwa juani kwa muda mfupi, jua likiwa limeshalegea, mpaka yanyong'onyee na kupoteza mng'ao. Kisha yanaingizwa ndani kivulini yapoe. Halafu inaanza kazi inayoitwa zuoqing. Mtengenezaji anaingiza mikono miwili chini ya majani kwenye ungo mpana, anayainua na kuyaachia, anayainua na kuyaachia, ili kingo zigongane na kuchubuka. Anayaacha yapumzike kama saa mbili hivi, anarudi tena. Raundi za mwanzo ni za upole, zinazofuata zina nguvu zaidi, na nyingi siku hizi humaliziwa kwenye pipa la mianzi linalozungushwa kwa mashine. Inakwenda hivyo hadi alfajiri. Mwenye chai halali, kwa sababu hakuna saa inayoweza kumwambia lini aache. Anayeamua ni pua yake. Harufu ya mwanzo ni ya majani mabichi, katikati ya usiku inakaribia kuwa mbaya, ndipo inageuka kuwa maua. Akiwahi, chai inabaki na ukali wa majani mabichi. Akichelewa, maua yamekwisha.

Kwa nini kuchubua kunaleta maua? Jani lililochumwa halijafa. Limekatwa kwenye mti, limenyimwa maji, linagongwa kila baada ya muda, na lenyewe linajibu kwa kutengeneza kemikali za harufu, zikiwemo indoli na nerolidoli, ambazo zimo pia katika maua mengi yanayonukia. Watafiti wa chai wamepima na kuona kwamba vitu hivi vinaongezeka kadiri jani linavyojeruhiwa tena na tena likiwa bado hai. Papo hapo, kwenye kingo zilizochubuka, utomvu wa jani unakutana na hewa na kuwa mwekundu, huku katikati pakibaki kijani. Ndiyo maana oolong husemwa iko kati ya chai ya kijani na chai nyeusi.

Asubuhi majani yanatiwa kwenye karai au pipa la moto mkali ili vimeng'enya vife na mabadiliko yasimame. Yanasokotwa yawe marefu, membamba na meusi. Dancong haifinyangwi kuwa vidonge kama Tieguanyin, oolong nyingine ya China inayotoka Anxi. Yanakaushwa. Baada ya wiki au miezi, yanarudishwa kwenye moto mdogo wa mkaa uliofunikwa majivu, pengine zaidi ya mara moja, na kila mara yanaachwa yatulie. Ukiipata ikiwa imetoka kwenye mkaa karibuni, iweke kando mwezi mmoja au miwili ndipo uifungue, la sivyo utakunywa moshi.

---

Mnyaushaji

Mkuu, nimefanya kazi kiwanda cha chai Njombe miaka mingi, na nimesoma hii post mara mbili. Sisi pia tunanyausha, tena usiku kucha kwenye matroso (vihori virefu vya kunyaushia) yenye feni chini. Lakini jani likitoka hapo linaingia kwenye roli za kukata na kusaga, dakika chache tu limekuwa punje, linachachuka saa moja au zaidi kidogo, linaingia kwenye kikaushio. Rangi tunapata, nguvu tunapata. Maua sijawahi kuyasikia, isipokuwa saa za alfajiri pale kwenye matroso, kabla ya kusaga. Je, ndiyo harufu hiyo hiyo unayoisema?

---

Birika la Shaba

Mkuu Mnyaushaji, umeligusa jambo lenyewe. Ndiyo, harufu ya matroso alfajiri ni ndugu yake. Kunyauka peke yake ni mateso ya kiu, na jani linaitikia kwa kunukia. Kinachotofautiana ni hatua inayofuata. Roli zenu zinaliua jani kwa mara moja. Seli zote zinapasuka pamoja, kila kitu kinachanganyika na hewa, na rangi nyekundu inakuja haraka, ambayo ndiyo inayolipiwa na soko la chai la Mombasa. Wa Fenghuang anahitaji jani libaki hai na majeraha yake usiku mzima, maana jani lililokufa halitengenezi harufu mpya. Zote mbili ni kazi za ufundi, ila mnatafuta vitu viwili tofauti.

---

Mnyaushaji

Nimekuelewa. Hiyo ya kungoja chipukizi lifunguke imenishangaza, kwetu mchumaji akileta majani ya hivyo yanakataliwa mizani.

---

Ali_wa_Ruwi

Assalaam alaykum kutoka Maskati. Mimi ninayo Mi Lan Xiang, zawadi ya rafiki yangu aliyetoka Shenzhen. Nimefuata maelekezo ya pakiti, gramu tatu kwenye bilauri, dakika tatu. Ikatoka chungu, inakauka ulimini. Nimepunguza joto la maji, uchungu ukapungua lakini na harufu ikaondoka. Tatizo nini?

---

Birika la Shaba

Waalaykum salaam ndugu yangu Ali. Umekwisha kulijibu swali lako: ulipopunguza joto, harufu iliondoka. Harufu nyingi za Dancong zinahitaji maji yanayochemka ili zitoke ndani ya jani. Uchungu na ukakasi nao hutoka, lakini wao wanazidi kila sekunde inayopita. Basi usipunguze moto, punguza muda. Na ili muda mfupi utoshe, ongeza majani. Watu wa Chaozhou wamelitatua hili zamani kwa kile kinachoitwa gongfu cha: chombo kidogo, majani mengi, maji yanayochemka, sekunde chache, mara nyingi. Utamaduni huo wa Chaozhou ni miongoni mwa zile mila za chai za China zilizoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2022.

Fanya hivi. Tafuta kikombe chenye kifuniko cha mililita 100 hadi 120, wao wanakiita gaiwan. Ukikosa, buli dogo kabisa la udongo linatosha. Tia gramu 7 au 8 za majani. Huna mizani? Majani ya Dancong ni marefu na yanachukua nafasi, kwa hiyo yakijaza chombo karibu mpaka ukingoni bila kushindiliwa, umefika. Najua utaona ni mengi mno. Ni hayo hayo.

Pasha moto chombo na vikombe kwa maji yanayochemka, mwaga. Tia majani, funika, subiri kidogo, fungua unuse. Nusa hapo, usiruke, maana jani kavu likipata joto linakuambia kila kitu kilichomo. Kisha mimina maji yaliyochemka kwa kuzungusha ukingoni, usiyaelekeze katikati ya majani. Wazee wa Chaozhou wanalisisitiza hili sana, maji yakipiga katikati uchungu unawahi. Ondoa povu kwa kifuniko, funika, hesabu hadi tano, na uimimine yote mpaka tone la mwisho. Maji ya pili hadi ya nne vivyo hivyo, bila kungoja. Kuanzia ya tano ongeza sekunde tano tano kadiri inavyofifia. Chai nzuri itakupa maji manane bila taabu, na iliyotoka juu mlimani inapita kumi.

Hilo la tone la mwisho halina msamaha. Maji yakibaki chini ya majani wakati unapiga soga, kikombe kinachofuata kitakuwa kichungu na utailaumu chai.

---

Ali_wa_Ruwi

Nimejaribu leo baada ya alasiri. Wallahi si chai ile ile. Maji ya tatu yamenukia mpaka mke wangu ameuliza nimechoma udi gani. Ila maji ya bomba ya huku ni ya bahari yaliyosafishwa, yana athari?

---

Birika la Shaba

Alhamdulillahi. Maji yana athari kubwa, na hii ni kwa wote. Maji yenye chumvi au chokaa yanaiziba harufu. Kwa hiyo wenye visima Mombasa na Dar msiyatumie hayo, wala yanayonuka dawa. Tumia maji ya chupa yenye madini kidogo, angalia maandishi ya nyuma, tarakimu za madini ziwe ndogo. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa pia ni mazuri sana. Yako yaliyosafishwa, kama hayana dawa nyingi, huenda yakawa bora kuliko ya kisima. Linganisha siku moja na ya chupa.

---

BintiKibokoni

Nimefurahi kusoma habari ya vikombe vidogo. Nyumbani tuna finjani za kahawa za marehemu bibi, za kaure, hazina mkono. Zinafaa?

---

Birika la Shaba

Zinafaa kuliko chochote utakachonunua, dada. Kikombe cha Chaozhou ni hicho hicho, kidogo, chepesi, cheupe ndani, hakina mkono. Kwa desturi wanaweka vitatu hata kama watu ni wengi. Mmoja anakunywa, kikombe kinasuuzwa kwa maji ya moto, kinampokea mwingine, na kila mtu anamkaribisha mwenzake atangulie. Kumimina nako kuna adabu yake. Huvijazi kimoja kimoja. Unazunguka juu ya vyote vitatu bila kusimama, halafu matone ya mwisho yenye nguvu unayagawa tone tone, kila kikombe kipate sawa. Ule mzunguko wanauita jenerali Guan akikagua mji, na matone ya mwisho wanayaita Han Xin akihesabu askari wake.

Wapenzi wa jadi wanachemsha maji kwa birika la udongo juu ya jiko dogo la mkaa, na mkaa unaosifiwa kuliko yote ni wa kokwa za zeituni ya Kichina. Wewe uliyezoea dele juu ya makaa hutaona ajabu yoyote.

Weka kitu kitamu pembeni, halua au tende. Hii chai ni nzito, kafeini imo ya kutosha, na ukiinywa nyingi tumbo likiwa tupu kichwa kitakuwa chepesi na mikono itatetemeka. Hata wenyewe wanakula vitu vitamu. Na usiinywe baada ya isha kama una mpango wa kulala.

---

MtuWaKariakoo

Wakuu mimi nina lalamiko. Nilinunua Guangzhou pakiti imeandikwa Ya Shi Xiang, harufu kali kama sabuni ya kuogea, maji ya pili hamna kitu. Nilipigwa?

---

Birika la Shaba

Kwa maelezo hayo, mkuu, hiyo imepuliziwa manukato. Dalili ni hizo hizo ulizozitaja: harufu inakupiga usoni jani likiwa kavu, maji ya kwanza yananukia sana, ya pili au ya tatu yamekwisha. Ya kweli ikiwa kavu inanukia kwa kiasi, joto ndilo linaiamsha, na harufu imo ndani ya maji yenyewe unapomeza. Kipimo ninachokiamini mimi ni kikombe kitupu. Kinywe, kiache kipoe kabisa, kinuse. Ya kweli inaacha asali na maua chini ya kikombe kilichopoa.

Tazama na majani yaliyokwisha kunywewa. Yakikunjuka uone jani zima, kingo zimekuwa nyekundu au kahawia, katikati kijani cha mzeituni. Ile iliyochomwa sana mkaa itakuwa nyeusi zaidi, hiyo si dosari.

---

MtuWaKariakoo

Nitarudi huko mwakani. Ninunue wapi na niulize nini nisipigwe tena?

---

Birika la Shaba

Guangzhou kuna soko la chai la Fangcun, wilaya ya Liwan. Ni kubwa mno, usiingie duka la kwanza na kutoa pesa. Kama una nafasi, panda treni ya kasi hadi stesheni ya Chaoshan uende Chaozhou kwenyewe.

Uliza mambo manne: imechumwa msimu gani, mwaka gani, shamba liko urefu gani, imepitishwa mkaani lini. Ya masika ndiyo yenye mwili. Ya msimu wa baridi, wanayoiita xue pian, inanukia sana lakini ni nyembamba na haidumu maji mengi, inafaa kwa atakayeinywa baridi. Ya mashamba ya chini ni rahisi na inatosha kujifunzia. Ya juu ya mita 800 inapanda bei, na ya miti mikongwe ni bei ya watu wengine, msijitie presha.

Kisha kaa, onja. Muuzaji wa Dancong asiyekupikia uonje si wa kununuliwa. Mwombe aache maji ya mwisho yakae dakika mbili nzima, uyanywe hayo. Yatakuwa machungu, hilo litegemee, lakini kwenye chai nzuri chini ya uchungu bado kuna harufu na utamu unarudi. Kwenye mbovu unabaki uchungu mtupu.

Nunua gramu 50 au 100, usinunue kilo. Ukifika nyumbani iweke kwenye kopo lisilopitisha hewa, mbali na kabati la viungo. Jani hili linanyonya harufu, na jikoni mwetu iliki na karafuu zitaikalia ndani ya wiki. Ile isiyochomwa sana, yenye rangi ya kijani, ifunge vizuri na uiweke kwenye friji.

---

BintiKibokoni

Kaka umesema ya kunywa baridi. Kwa joto la huku Mombasa hilo ndilo ninalolitaka.

---

Birika la Shaba

Gramu 5 au 6 kwa lita moja ya maji safi ya baridi, kwenye chupa ya kioo, ndani ya friji usiku mmoja. Asubuhi chuja. Usitie sukari kabla hujaonja. Maji ya baridi yanautoa uchungu polepole sana, kwa hiyo hapa muda mrefu hauna madhara, na Ya Shi Xiang ndiyo inayopendeza zaidi kwa njia hii. Ukitaka ndimu, tia kipande chembamba wakati wa kunywa, si usiku.

Mnyaushaji, nikuombe kitu. Ukipata nafasi, chukua majani mabichi kidogo kwenye mche wa nyumbani, uyatandaze kwenye ungo, uyachubue usiku kwa mikono kama nilivyoeleza, uyakaange karaini alfajiri. Aina ya mche si ile, mlima si ule, lakini pua yako ya kiwandani itaikamata ile saa inapogeuka. Uje utuandikie humu ulichokisikia.

---

Mnyaushaji

Mvua zikikata kidogo, Jumamosi naanza. Nitaweka na picha.